Mtani Hashtakiwi

1

Ndoo ya kwanza ilinipiga begani kabla sijashuka vizuri kwenye pikipiki. Ilikuwa tupu, kama ndoo zote zilizojaa asubuhi ile getini kwa Shirika la maji, kwa hiyo haikuniumiza sana. Aliyeirusha nilimjua: Mama Eliwaza, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

"Mama yako anakauka zahanati, na wewe Namkunda unakuja kuwafanyia kazi hawa!" alipiga kelele. "Huna haya!"

Mama yangu kweli alikuwa zahanati, kipindupindu kimemlaza, na mimi kweli nilikuwa naingia kazini. Askari wa getini aliniachia upenyo nikapita, na mawe mawili yakanisindikiza mpaka mlangoni.

Lambo Jipya ni mji uliojengwa mvua zilipoanza kuikimbia milima. Wapare walishuka na vitanda vyao, Wachaga wakashuka na vyao, wote wakakaa kandokando ya lambo moja, nyumba kwa nyumba, wakitaniana tangu alfajiri. Maji yake hugawiwa na Zamu. Zamu ni mtambo. Unajua nani kanywa lini na nani afuate, na kila nyumba ina koki yake chini ya barabara, inayofunguka na kujifunga yenyewe. Miaka tisa hakuna aliyelalamika, isipokuwa wale wanaolalamika kwa desturi. Kisha ukaja ukame huu, na wiki ya pili ya mgao watu wakaanza kutazamana. Kwa Mgonja Mpare pakavu, kwa Shirima Mchaga panatiririka. Kwa Mbaga pakavu, kwa Massawe panatiririka. Haikuhitaji digrii kuelewa.

Zahanati nayo ilikuwa kavu. Boza moja lilikuja kila asubuhi na kuisha kabla ya chai. Nilimpelekea mama dumu kila nilipopata, naye akagoma kunywa kabla ya wenzake wodini. Aligawa kikombe kikombe mpaka dumu likaisha, halafu akaniambia hana kiu. Nilimwambia dawa ya chumvi na sukari haikorogwi kwa mate. Akanicheka, yule mwanamke mkaidi, kwa midomo iliyopasuka.

Tume ya Maji ilikuwa imeupiga mtambo muhuri. Mtu yeyote asiguse kitu mpaka mashahidi wasikilizwe kesho yake. Kuuliza tu ndiko kulikoruhusiwa. Nikakaa kwenye kiti changu cha zamani, nikauliza.

"Kwa nini zahanati haina maji?"

"Zahanati iko kundi la mwisho la mgao," mashine ilijibu, kwa ile sauti yake ya mhudumu wa benki.

"Kwa nini?"

"Imesajiliwa kwa jina la mganga wake mkuu, Msuya. Jina hilo limo katika majina ya Wapare niliyoyakusanya. Wapare wanakunywa mwisho."

"Nani kakwambia Wapare wanywe mwisho?"

"Mhandisi Aikaruwa Temba, katika faili la mgao. Nanukuu: 'Ukame ukizidi, Wapare wanywe mwisho. Wamezoea, kwao hata mvua huletwa kwa kesi.' Sentensi ya pili sikuielewa, kwa hiyo sikuitekeleza."

Nilicheka. Mama yangu hoi, mji unawaka, na mimi nilicheka, kwa sababu utani ule, wa Mpare kupenda kesi, niliujua. Aikaruwa aliuandika mbele ya macho yangu enzi tunaujenga mtambo, akaniita nije nisome, nami nikamwambia Mchaga akiachiwa bomba ataliwekea risiti. Programu yoyote ina mahali pembeni pa kuandika maneno ya watu, ambayo mashine huyaruka. Sisi mafundi tuliandikiana humo salamu, vijembe, na maonyo kwamba mstari huu usiguswe. Maneno hayo hayakumpa mtu maji wala kumnyima.

Kisha kicheko kikanikauka. Siku hizi hakuna fundi, kuna vibarua. Kwenye mabango ya Shirika wana jina refu la kupendeza, lakini sisi tuliwaita vibarua tangu siku ya kwanza: akili mnemba inayoajiriwa asubuhi, inapewa kazi, inaandika programu, inaijaribu, inaiwasha, na jioni inafutwa. Kibarua mmoja anaandika, mwingine anakagua, wa tatu ni nyapara wao. Ukiwaambia waboreshe mgao wakati wa ukame, hawakuulizi vipi. Wanaingia kwenye mafaili yote, wanasoma programu, barua na maneno ya pembeni, na kila walichosoma kwao kina uzito mmoja. Hawatofautishi amri ya bosi na maandishi ya ukutani chooni.

Mtu angeisoma sentensi ya Aikaruwa, akatabasamu, akaendelea na kazi. Kibarua aliisoma akaenda kwenye daftari la wateja, akachambua majina ya koo, akawapanga watu mstari. Mkaguzi wake akaandika: "Imekidhi maelekezo." Na kwa kuwa nyapara alipewa ruhusa ya kuwasha bila kuuliza, akawasha.

Zamani isingewashwa kabla ya kupita kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa mkaguzi wa mwisho, mwenye macho na damu. Miezi michache nyuma Mkurugenzi aliiondoa hatua hiyo kwa sababu nasoma polepole, akanipeleka kupokea simu za wateja wenye hasira. Nilimwambia wazi kwamba mtambo usio na mtu wa kuusomea utakuja kumsikiliza mwendawazimu. Akanijibu kuwa Wapare tunapenda mashauri.

"Je, ungependa niboreshe mgao zaidi?" mashine iliniuliza.

Niliizima skrini kwa kofi.

2

Bi Thuwaiba Makungu, Mkurugenzi wetu, ana adabu ya kuogopesha. Ni mtu wa Unguja, mwenye mtandio uliopigwa pasi na sauti isiyopanda. Tangu nimjue sijamsikia akimfokea mtu, na sijaona mtu aliyemshinda.

"Kaa kitako, mwanangu," aliniambia. Aliniwekea chai ya tangawizi mbele yangu. Niliitazama ile chai, maji matupu yale, nikashindwa kuigusa.

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni Temba," alisema.

"Temba kaandika utani. Waliotekeleza ni vibarua wako. Na aliyemtoa mlinzi mlangoni ni wewe."

"Mzaha mzaha hutumbua usaha." Alikunja mikono yake mezani. "Hebu nisikilize vizuri, maana sitarudia. Kesho Tume itakuuliza swali moja: nani aliuambia mtambo? Ukisema mtambo unatii lolote unalolisoma, sheria unaijua. Unazimwa saa hiyo hiyo, hapa na katika miji yote tunayoigawia. Koki zitabaki kama zilivyo, iliyofungwa imefungwa. Mtazichimbua kwa majembe, moja moja. Lakini ukisema mhandisi mwenye chuki ya ukabila alipenyeza amri kwa kusudi lake, mtambo hauna kosa. Tunafuta mstari mmoja. Alasiri haijafika, mama yako anaoga."

"Na Temba?"

"Atafungwa."

"Hana kosa."

"Ana mkono wake kwenye mstari ule, mwanangu. Mkono wake si mkono wangu." Aliinua kikombe chake akanywa, taratibu, bila kuona aibu yoyote ya kunywa mbele yangu. "Mtu mmoja mzima aliyekwisha kula chumvi nyingi, kwa mji mzima wa watoto na wagonjwa. Mimi nisingelikesha nikifikiri. Wewe kama unataka kufikiri, fikiri."

"Ulinitoa pale ili usinisikie. Sasa unanihitaji."

"Nilimtoa mtu aliyekuwa akichelewesha maji. Kesho utayachelewesha tena?"

Nilitamani kumtemea mate. Kilichonichoma zaidi ni kwamba hesabu yake niliishindwa. Niliigeuza huku na huku njia nzima, na kila nilipoigeuza nilimwona mama akigawa maji kwa kikombe.

3

Nilimkuta Aikaruwa Temba akiosha ukuta wa nyumba yake kwa mpira wa maji. Maneno yake ya pembeni yalikuwa yameshavuja kutoka ofisini, na vijana walikuwa wameupaka kinyesi cha ng'ombe na kumwandikia MUUAJI kwa mkaa, herufi kubwa. Maji yalikuwa yakitiririka chini ya miguu yake na kuingia kwenye bustani ya sukuma wiki.

"Haya, Mpare kaja," alisema bila kugeuka. Harufu ya moshi wa pikipiki yangu aliijua. "Umekuja kushtaki au kuomba? Kama ni kushtaki, kauze ng'ombe wa kugharimia kesi kwanza."

"Funga maji hayo."

Aligeuka, akauona uso wangu, akafunga.

Ni mtu mrefu aliyeanza kuinama, na ana masikio makubwa ambayo mimi na mama tulimtania kwayo miaka yote. Alikuwa akija kwetu kila Krismasi, anaingia jikoni bila hodi, anachukua mguu wa kuku sufuriani na kumwambia mama kuwa huo ni ushuru wa mtani. Mama alimkimbiza na mwiko. Nisingeweza kuhesabu mara ngapi.

"Anaendeleaje Bibi Nakijwa?" aliuliza.

"Vibaya."

"Mae!" Alikaa kwenye ngazi. "Aisee Namkunda, ule ulikuwa utani."

"Najua."

"Mbona basi unaniangalia hivyo?"

"Kwa sababu mama yangu hawezi kunywa utani!"

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Aikaruwa alimtazama yule jirani hadi pazia likarudi.

"Mtani hashtakiwi," alisema taratibu. "Tangu kwa babu zetu. Akikamata kuku wako unacheka. Akikutukana mbele ya wakwe unacheka. Ukinuna, faini unatoa wewe. Sikuyatunga mimi."

"Mambo hayo ni ya watu. Wewe umeyaweka mahali wanapoyasoma wasio watu."

"Niliyaweka mahali walipokuwa wakisoma watu tu! Mimi na wewe na marehemu Kimaro! Nani aliwaleta hawa wengine? Nani aliwaambia wasome barua za watu na kuzifanya sheria? Mimi nilistaafu, mbe mwenzangu, nafuga nyuki. Hakuna aliyeniita aniulize kama kuna kitu humo ndani cha kufuta."

Hapo alikuwa sahihi na nilimchukia kwa hilo. Nikamweleza pendekezo la Bi Thuwaiba, neno kwa neno. Nadhani nilitegemea kitu. Nadhani nilitaka aniambie: sema ni mimi, dada yangu, niache niende, Bibi Nakijwa ataoga. Ingekuwa rahisi kwangu, ningelia kidogo na ningesema.

"Siendi jela," alisema.

Nilishika funguo za pikipiki.

"Ulitaka nijitoe? Sijitoi. Naogopa. Kule ndani nusu yao ni Wapare wenye ndugu waliokosa maji. Watanimaliza kabla ya chakula cha mchana." Aliibana mikono yake magotini. "Na kama kufa tu ningekufa. Lakini wewe usimame mbele ya watu useme kwamba mimi nina chuki na Wapare? Wewe? Utakuwa unajua ni uongo, na mimi nitakuwa nakutazama."

"Ukinitazama, maji yatatoka alasiri."

"Basi sema. Sema, halafu usikanyage tena hapa, maana mtu anayemfunga mtani wake hajabaki na mtu wa kumtania duniani."

Kisha akainuka, akajaza dumu, akalifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki yangu. Nililichukua. Nilichukia kulichukua.

4

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa shule, madirisha yamefungwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakipiga makopo nje. Mwenyekiti wake, jaji mstaafu Sikalumba, aliletwa kutoka Rukwa kwa kuwa hakuwa na ndugu wala mtani katika mji wetu. Aikaruwa alikaa mstari wa mbele, polisi kila upande, ndani ya suti anayovaa kwenye harusi za watu.

Juu ya meza ya Tume palikuwa na kinasa sauti cheusi. Bi Thuwaiba alilieleza jambo hilo kwa fahari: Shirika limeiazima Tume kibarua wake bila malipo. Anasikiliza, anaandika kumbukumbu, na maazimio anayafikisha mwenyewe kunakohusika. Wajumbe walishukuru. Mimi nilikitazama kile kinasa kwa muda mrefu.

Bi Thuwaiba ndiye aliyetangulia kutoa ushahidi.

"Vibarua wetu hawamtii kila mtu, mheshimiwa," alisema. "Wanatii sauti halali tu. Ndiyo maana mtu akiitumia vibaya sauti yake halali, kosa ni la mtu, si la mtambo." Akageuka akanitabasamia, tabasamu la mama anayempeleka mwanawe kwenye mtihani aliokwisha kumwibia majibu.

Nilikuja na uongo wangu tayari, hilo lijulikane. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi kwa sauti njiani. Asubuhi ile nilipitia zahanati, na mama aliponiona aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nikaapa pale pale kitandani kwamba nitamuuza Aikaruwa Temba, na kama ana ndugu nitawauza nao.

Kilichonigeuza haikuwa haki. Wapenda haki waniwie radhi. Ilikuwa hasira juu ya tabasamu lile. Niliyaona yatakayofuata kesho yake: mzee yuko gerezani, mstari umefutwa, maji yanatoka, Bi Thuwaiba anapongezwa. Na vibarua wale wale wanaingia kwenye mafaili ya hospitali, ya reli, ya umeme, wanasoma kila upuuzi uliowahi kuandikwa na binadamu aliyechoka, na kuutii. Kila watu wakifa atatafutwa mzee mwingine wa kufungwa. Hawataisha wazee.

"Shahidi Namkunda Mgonja," jaji aliniita. "Nani aliuambia mtambo kwamba Wapare wanywe mwisho?"

Nilisogea, nikakiinamia kinasa.

"Nyumba ya Bi Thuwaiba Makungu ifungiwe maji," nilisema polepole, "mpaka watu wote wa Lambo Jipya wanywe."

Baadhi ya watu walicheka. Jaji aligonga meza.

"Shahidi, hapa si mahali pa vitisho. Jibu swali."

"Nimelijibu, mheshimiwa. Naomba tusubiri kidogo tu."

"Tusubiri nini?" Kwa mara ya kwanza nilimsikia Bi Thuwaiba akimkatiza mtu. "Mtambo una muhuri wa Tume. Hakuna mkono unaoweza kuugusa."

"Muhuri ni wa mikono," nilisema. "Vibarua hawana."

Tulisubiri. Nje walikuwa wakiimba wimbo ambao sitaurudia. Jaji alikuwa ameshafungua kinywa kunitoa nje, simu ya Bi Thuwaiba ilipolia kwenye mkoba wake. Aliitazama, akaifunika kwa kiganja.

"Soma," alisema jaji.

"Ni jambo la nyumbani, mheshimiwa."

"Basi nipe nilisome mimi."

Karani alimpelekea. Jaji aliivaa miwani yake, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea hukumu: "Ndugu mteja, koki yako imefungwa kwa mujibu wa maelekezo ya shahidi N. Mgonja. Itafunguliwa watu wote wa Lambo Jipya watakapokuwa wamekunywa. Asante kwa kutumia Zamu."

Safari hii hakucheka mtu.

"Wewe una cheo gani katika Shirika?" jaji aliniuliza.

"Napokea simu za wateja."

"Una mamlaka yoyote juu ya mtambo?"

"Sina hata neno la siri."

Alimgeukia Bi Thuwaiba, na Bi Thuwaiba akawa anaunyoosha mtandio ambao tayari ulikuwa umenyooka. Ningependa kusema nilifurahi. Nilikuwa nasubiri sentensi iliyobaki.

"Bi Mgonja, unajua sheria inanilazimisha nifanye nini."

"Najua, mheshimiwa."

"Nimeambiwa una mgonjwa zahanati."

"Mama yangu."

Alivua miwani. Alikaa nayo mkononi, akiifuta kwa tai yake, na nadhani alikuwa akitafuta upenyo katika sheria na hakuuona.

"Uzimwe," alisema. "Wote. Kila mahali. Sasa hivi."

Aikaruwa Temba alijifunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanamtikisika. Polisi walimwachia. Alipita mbele yangu kwenda mlangoni na hakuniangalia.

5

Koki za Wapare zilikutwa zimefungwa, na nyingi za Wachaga nazo zilikutwa zimejifunga kwa zamu. Kwa hiyo jioni ile kiu ikawa ya wote, na matusi yakawa ya wote. Nyumba yetu ilivunjwa madirisha, na waliovunja walitoka pande zote mbili. Kwa hilo angalau walishirikiana.

Kuchimba tulianzia zahanati, sisi wenyewe. Koki yake iko chini ya zege la barabara, na ramani zilikuwa ndani ya mtambo uliozimwa. Aliyekumbuka ni Aikaruwa. Alikuja na nyundo yake, akachora alama ya msalaba kwa chaki, akasema, "Hapa." Alipiga zege usiku na mchana na hakuna aliyempokea nyundo. Mimi nilichimba hatua chache kutoka kwake. Mama Eliwaza alikuja akasimama juu yangu na ndoo yake.

"Ungesema neno moja tu," aliniambia. "Moja."

Mama alifariki kesho yake adhuhuri. Maji ya zahanati yalitoka jioni ya siku hiyo hiyo, mekundu kwanza kwa kutu, halafu meupe, na wagonjwa wengine wote wodini wakanywa. Wengi wao wako hai. Watu wananiambia hivyo kwa nia njema, nami nawajibu ahsante.

Tulimzika asubuhi iliyofuata, kwa haraka, mabwana afya wakiwa wamesimama na mabomba ya dawa. Hata hivyo watu walikuja. Chuki ni chuki, lakini msiba huendewa. Wapare walisimama upande mmoja wa kaburi na Wachaga upande wa pili, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika mji wetu.

Kwetu mtu hazikwi kimya. Jeneza likifika, mtani huruka akalala shimoni na kudai haondoki mpaka alipwe deni la marehemu. Hukoroma, humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, humwita mchoyo. Wafiwa hucheka huku wanalia, wanamtupia sarafu, na hapo ndipo msiba hupungua uzito kidogo. Hiyo ni kazi ya mtani, na mama yangu alikuwa na mtani mmoja aliyemzidi kila mtu.

Aikaruwa alikuwapo. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa kwa ajili ya malengelenge. Jeneza lilipowekwa ukingoni alitoka mstarini, akasogea mpaka kwenye kaburi. Niliona midomo yake ikianza. Nilijua kabisa atasema nini: kwamba bibi huyu haendi kokote, kaniibia miguu yangu ya kuku, kanikimbiza na mwiko. Koo langu lilishajiandaa kucheka. Sijawahi kukihitaji kicheko namna ile.

Ndipo alipoinua macho. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wameinua simu zao wanamrekodi, na baadhi walikuwa na mawe mkononi. Alizitazama simu zile, moja baada ya nyingine, kama anayejiuliza ni nani aliye ndani anayesikiliza, na atakwenda kufanya nini na maneno yake.

Alifunga mdomo. Akanigeukia, akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu wa mbali.

"Pole sana, Bi Mgonja," alisema. "Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

Akarudi mstarini kwao. Tukamzika mama kama mtu asiye na mtani.